Unakubali Hapo?

"Samahani, Miwani," Fundi alisema. "Nimekutia jela."

Kisahani alichokitupa kilikuwa kimepita juu ya kikapu, kikagonga shina la mti na kudunda hadi katikati ya kichaka cha miiba. Tulikuwa tunacheza wawili wawili kwa kupokezana, kwa hiyo mtupo uliofuata ulikuwa wangu. Ilinibidi niingie humo kwa magoti, miiba ikinishika mikono ya blauzi kila upande. Kutoka pale hadi kwenye kikapu zilikuwa hatua saba tu. Lakini mbele yangu lilikuwa limelala tawi zito lenye majani, limefunga njia yote iliyonyooka, na upande wa kulia palikuwa na mwanya ambao hata paka angesita kuupita.

Basi ndivyo nilivyokuwa Jumamosi ile saa nane na nusu mchana, nimebanwa kichakani. Na saa kumi wageni walikuwa wanakuja nyumbani kupanga tarehe ya harusi yangu na mtu ambaye si huyu aliyekuwa amesimama nje ya kichaka akiniangalia.

Kama hujawahi kuuona mchezo wetu, usijali. Shangazi yangu anauita mchezo wa vifuniko vya ndoo. Kuna nguzo ya chuma, juu yake inaning'inia minyororo, chini ya minyororo kuna kikapu. Unatupa kisahani cha plastiki, kikigonga minyororo kinaangukia kikapuni, umemaliza. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Vikapu vyote kumi na nane vya bustani ile alivichomelea Fundi kwa mikono yake, na mimi kazi yangu ni kupima macho na kuuza miwani. Majina tuliyopewa na wazazi wetu yanabaki getini.

"Dakika mbili za kushauriana!" alitangaza Karani, mzee wetu mstaafu wa maktaba anayeandika mitupo kwenye daftari. "Kisha utaje kisahani, utupe. Mkimaliza kwa mitupo miwili, kombe lenu. Kwa mitatu, mnafungana na wale wa duka la baiskeli."

Karani ana taratibu zake na hazivunjiki. Kisahani lazima ukitaje kabla ya kukitupa. Kikishatua, yeye hupaza sauti: "Unakubali hapo?" Nawe hujibu, "Nimekubali," mchezo ukaendelea kutoka kilipolala. Ukikataa, unarudi ulipotupia na kutupa tena wewe mwenyewe, na daftarini unaandikiwa mtupo mmoja wa ziada. Kwa miaka minne niliyocheza pale, sikuwahi kumsikia mtu akikataa. Nani anataka kuongezewa?

Neno hilohilo ndilo lililoniponza.

Wiki tatu kabla ya siku ile nilikuwa uwanjani, simu nimeibana kati ya sikio na bega, Shangazi akinieleza kwa mara ya kumi sifa za Daktari wa meno, mtoto wa rafiki yake Baba. Mpole. Msafi. Hana makuu. Mimi naitikia "ee, Shangazi," huku macho yangu yakiwa kwenye kisahani changu kilichotua karibu na bwawa. "Basi mwanangu," Shangazi akasema, "nimwambie kaka yangu kwamba umekubali?" Na papo hapo, kutoka ng'ambo ya uwanja, Karani akapaza sauti: "Miwani! Unakubali hapo?"

"Nimekubali!" nikajibu kwa nguvu zangu zote.

Kigelegele kilichonipasua sikio sikukielewa mpaka nilipofika nyumbani jioni. Nilimkuta Baba kwenye meza yake ya kurekebishia saa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anapiga mluzi. Baba hakuwa amepiga mluzi tangu tulipomzika Mama. Aligeuka, akanitazama, akasema, "Mwanangu, umenipa raha." Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Badala yake nikasema, "Asante, Baba." Kesho yake ikawa ngumu zaidi, kesho kutwa ikawa haiwezekani, na tangu hapo nikawa najikaza kisabuni tu.

Fundi akainama, akapenya miiba, akachuchumaa kando yangu. Palikuwa padogo mno, bega lake likagusana na langu. Harufu ya chuma kilichounguzwa haimtoki hata akioga, na mimi nimeshaizoea kiasi kwamba nikipita karakana yoyote ya mjini moyo unanidunda bila sababu.

"Tuone una nini," alisema kwa sauti ya chini.

Nikavipanga mavumbini vitatu. Wembe, chenye ukingo mwembamba, kinachokwenda mbali. Bonge, kinene na butu, cha karibu, ambacho Fundi mwenyewe alinipa siku yangu ya kwanza uwanjani. Na Kipya. Kipya kilikuwa cha aina ileile ya Bonge, kimetoka dukani, plastiki bado inang'aa.

Kazini kwangu siku nzima nauliza watu: ya kwanza au ya pili? Ipi inaonekana vizuri? Watu hujibu bila kufikiri. Mimi nikavitazama vile vitatu na mikono ikaanza kutoka jasho.

"Wembe kiweke mbali," Fundi alisema. "Hatua saba kwa Wembe, utakwenda kukiokota bwawani."

"Najua."

"Na Bonge hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kimechoka. Miaka minne kinagonga miti, ukingo umelegea. Siku hizi kinakwenda moja kwa moja tu, na moja kwa moja kuna tawi."

"Mimi nakiamini."

"Tawi halijui kwamba unakiamini, Miwani."

Akakiokota Kipya, akakizungusha vidoleni, akakigonga na ukucha.

"Hiki bado kigumu. Ukikipitisha kwenye mwanya wa kulia, kitakata kushoto chenyewe na kuanguka palepale. Tupa hiki."

"Hicho amenipa Daktari."

"Najua aliyekupa. Kilikuwa na utepe."

"Na bado unaniambia nitupe hicho?"

"Umeniuliza kuhusu kisahani, nimekujibu kuhusu kisahani."

"Miaka minne unanijibu kuhusu visahani!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nje ya kichaka Karani akakohoa na kugeuza ukurasa wa daftari ambao haukuhitaji kugeuzwa.

Fundi alikuwa akiangalia chini. "Ulitaka nikujibu nini?"

"Ulisikia naolewa. Ukafanya nini? Ukanipa mkono. Ukasema hongera, kama mwenyekiti anafunga mkutano."

"Ulikuwa umekubali. Uwanja mzima ulikuwa unasema Miwani amekubali."

"Na hukuniuliza nimekubali nini!"

Akaniinulia macho. Ana macho ambayo nimeshayapima mara mbili, hayana kasoro yoyote, na mara zote mbili nilichelewesha kuwasha taa.

"Umekubali nini?" aliuliza.

Nikamwambia. Simu, bega, bwawa, Karani, kigelegele. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kwa hiyo ulikuwa unamjibu Karani."

"Nilikuwa namjibu Karani."

"Na wiki tatu hujasema?"

"Baba anapiga mluzi, Fundi. Anaamka asubuhi, anavaa shati lililopigwa pasi, anapiga mluzi. Nimnyamazishe mimi? Na Daktari hana ubaya wowote. Angekuwa mlevi ningepata pa kuanzia. Mtu mwema kabisa, aliingia dukani akauliza wenye mchezo wanatumia nini, akaninunulia. Kila mtu ni mwema. Sina pa kutokea."

Mwiba ulikuwa umenishika nywele. Fundi akaunyoosha mkono wake mgumu, akaanza kuunasua polepole, unywele kwa unywele.

"Nimelichomelea geti moja mara nne wiki hizi," alisema. "Linatoka limepinda kila mara. Mwenye geti amenihama." Akanasua unywele mwingine. "Nakupenda, Miwani. Nakupenda tangu siku ulipokipata kikapu cha tano kwa mtupo mmoja, ukaruka mpaka kiatu kikakutoka. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukwambia. Nimekuwa mjinga."

"Usiniambie hivyo nikiwa humu," nilisema, na machozi yakanilenga. "Siwezi hata kugeuka."

"Basi toka."

"Natokaje?"

"Mwambie mzee wako."

"Siwezi."

Mkono wake ukakoma. Mwiba ulikuwa umeshatoka, lakini hakuuondoa mkono mara moja.

"Nusu dakika!" Karani akapaza sauti.

Fundi akakiweka Kipya mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Tupa cha Daktari," alisema kwa uchovu. "Ndicho sahihi kwa mtupo huu. Mengine yote nimeshindwa, ila kwenye mchezo siwezi kukudanganya." Kisha akarudi kinyumenyume hadi nje, akasimama na mgongo kwangu.

"Taja!" alisema Karani.

"Kipya," nikasema.

Nikaegemea kulia mpaka miiba ikanichoma ubavuni, nikakitoa kisahani kwa kiganja kupitia ule mwanya. Kilitoka vizuri. Kikapita pembeni ya majani, kikakata kushoto jinsi Fundi alivyosema, kikagonga minyororo kwa mlio ule unaonisisimua kila siku. Nikashika pumzi. Kikagonga ukingo wa kikapu, kikatoka nje, kikasimama kwa ukingo wake na kubingirika kwenye njia ya kokoto hadi kilipogonga kiatu cha mtu na kulala chali.

Kiatu kilikuwa cha Shangazi.

Alikuwa amevaa vile vyake vya kwendea harusini. Nyuma yake alikuwa Baba na shati lake lililopigwa pasi, na nyuma ya Baba alikuwa Daktari, anafuta jasho kwa leso.

"Mwanangu!" Shangazi akalia. "Wageni wamekuja mapema, wako sebuleni wanaangaliana, nguo nimekunyooshea, na wewe unatambaa vichakani! Toka humo! Utaolewa una majani kichwani?"

Nikatoka kwa magoti, nikasimama. Kweli nilikuwa na majani kichwani. Baba akanitazama na kutabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko miiba yote.

Karani hakujali harusi ya mtu. Alipima kwa macho kutoka kwenye kiatu cha Shangazi hadi kwenye kikapu. Hatua tano, peupe, hakuna hata nyasi ndefu. Mtupo unaofuata ulikuwa wa Fundi, na Fundi kwa hatua tano hajawahi kukosa. Kombe lilikuwa letu.

"Miwani," Karani akasema, kalamu tayari. "Unakubali hapo?"

"Amekubali, amekubali," Shangazi akamjibu, akinipungia mkono nije. "Zamani. Twendeni zetu."

Nilimwangalia Shangazi. Nikamwangalia Fundi, ambaye alikuwa amesimama pembeni na mikono mitupu. Nikahisi maji yamenifika shingoni na kwamba nikiufunga huu mdomo sasa hivi, nitaufunga maisha yangu yote.

"Sikubali," nikasema.

Karani akashusha kalamu. "Umesemaje?"

"Sikubali hapo. Narudi nilipokuwa."

"Binti, umepata jua kali? Hapa ni peupe, kule ni kichakani! Nitakuandikia mtupo wa ziada. Itabidi uingize moja kwa moja, na hata ukiingiza mtafungana tu."

"Najua. Niandikie."

"Hajui anachosema," Shangazi alianza, lakini Baba akamshika mkono. Baba ni fundi saa, na masikio yake hayapitwi na kitu kinachogonga vibaya.

"Mwacheni aseme," alisema. "Nini, mwanangu?"

"Baba, siku ile kwenye simu..." Nikapiga moyo konde. "Siku ile Shangazi aliponiuliza, Karani naye aliniuliza. Mimi nilimjibu Karani."

Hata wale vijana wa duka la baiskeli waliacha kunywa maji.

"Lakini shangazi yako aliniambia ulikubali kwa furaha," Baba alisema taratibu. "Alisema ulipaza sauti."

"Nilipaza sauti kwa sababu Karani alikuwa mbali, Baba."

"Na kigelegele changu chote kile?" Shangazi akauliza. "Majirani walitoka nje!"

Daktari ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Aliikunja leso yake vizuri, akaitia mfukoni.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Kila nikikuuliza jambo unaniambia sawa. Wagonjwa wangu husema hivyohivyo wakiwa wanaumia." Uso ulikuwa umemshuka, na nilimwonea huruma kwa moyo wangu wote. "Wazazi wangu nitawaambia mwenyewe. Ila ungeniambia mapema, ningekushukuru."

"Nisamehe, Daktari."

"Nipe siku chache," alisema. Akampa Baba mkono, akaondoka kwenye njia ya kokoto bila kugeuka nyuma.

Baba hakuwa ameniondolea macho. "Wiki tatu," alisema. "Unakula na mimi meza moja, unaninyamazia. Kwa nini?"

"Ulikuwa unapiga mluzi, Baba."

"Mluzi?"

"Hukuwa umepiga tangu Mama. Niliogopa ukinyamaza, utanyamaza moja kwa moja."

Baba akakitoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akakitazama, akakirudisha. Hivyo ndivyo anavyofanya akiwa hataki mtu aone macho yake.

"Mimi nilikuwa napiga mluzi kwa sababu nilidhani wewe umefurahi," alisema. "Nilimwona mwanangu amepata mtu, nikasema basi, hatabaki peke yake na mzee na saa zake. Kumbe kila mmoja anampigia mwenzake mluzi." Akamgeukia Fundi, akampima kutoka buti hadi kichwani. "Na huyu? Yumo katika habari hizi?"

"Yumo," nilisema.

"Nimo, mzee," Fundi alisema wakati uleule.

"Hata baba yako simjui. Siwezi kutoka kumwaibisha rafiki yangu sebuleni nikaingia kukuchekea wewe. Utakuja nyumbani siku nyingine, mchana, na utajibu maswali. Leo si siku yako."

"Nitakuja, mzee. Hata yakiwa mia."

Shangazi akaketi kwenye benchi na kuvua kiatu kimoja. Karani akagonga daftari kwa kalamu.

"Samahanini wenye harusi, nawe usiye na harusi," alisema. "Kuna mchezo hapa. Miwani, rudi kichakani."

Nikarudi. Nilipiga magoti mahali palepale, miiba ileile ikanishika mikono ileile. Ila safari hii nilivitazama visahani vyangu na mikono haikutoka jasho.

"Taja!"

"Bonge."

Nilimsikia Fundi akiguna nje. "Miwani, kuna tawi. Kitakwenda moja kwa moja, kitakwama."

"Nimeshataja."

Alisema kweli, na nilijua. Bonge kilikuwa kimechoka, njia ilikuwa imefungwa, na kombe lilikuwa linaondoka na wauza baiskeli. Nikakishika tu kwa sababu ndicho nilichokitaka mkononi mwangu.

Kokoto zikalia. Viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikaja hadi ukingoni mwa kichaka, vikasimama. Kisha mkono mkavu wenye vidole vyembamba vya kurekebisha saa ukapenya kati ya miiba, ukalishika lile tawi zito na kuliinua juu. Mbele yangu, hatua saba, minyororo ikaonekana yote.

"Mzee! Mzee, usiguse tawi!" Karani alipiga kelele. "Hairuhusiwi! Ukilishika naandika mtupo mwingine wa ziada!"

"Andika," Baba alisema, na tawi hakuliachia.